Jirani Aliyejifungia Ndani: Kiwewe ni Nini, na Mtu Hurudije kwa Wenzake?

Kilema na vijiji vingine vya Vunjo watu tunaishi kihamba kwa kihamba, mpaka ukiwa ni mstari wa masale tu. Kwa hiyo mtu akiacha kutoka, inajulikana upesi. Haonekani msibani, haonekani kwenye jumuiya, mlango wake unafungwa jua likiwa bado juu. Maelezo nayo hayachelewi: anaringa, ana madeni, amerogwa. Lipo na jingine lisilotajwa sana: alipatwa na jambo zito, na mwili wake bado haujaamini kwamba limekwisha.

Hicho ndicho wataalamu wanachokiita kiwewe. Mkoa wetu unavijua vyanzo vyake. Juni 1994 moto katika Sekondari ya Shauritanga, Rombo, uliua wasichana wapatao 40. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika ibada kwenye uwanja mjini Moshi. Hayo yalitangazwa. Kipigo cha ndani ya nyumba, ubakaji au ajali ya bodaboda havitangazwi, lakini humwachia mtu jeraha la aina hiyo hiyo.

Baada ya tukio la hatari, akili hubaki macho kama mbwa aliyekwisha kuona mwizi. Aliyenusurika kwenye moto hushtuka kwa harufu ya moshi wa jikoni. Aliyekanyagwa kwenye umati huhisi pumzi zinakata kanisani watu wanapoinuka wote kwa pamoja. Usiku ndoto humrudisha kule kule. Basi anakwepa. Akikaa nyumbani anapata nafuu siku hiyo, lakini kesho hofu inakuwa kubwa zaidi, maana hakupata nafasi ya kuona kwamba angeenda na asidhurike. Wengi hutulia wenyewe ndani ya wiki chache. Hali ikivuka mwezi na kumzuia kufanya kazi au kulala, ni suala la hospitali.

Kwetu huku lipo jambo linaloongeza uzito, nasi tunadhani halizungumzwi vya kutosha. Kutokwenda msibani ni deni. Ukikosa mmoja utasamehewa. Ukikosa mitano, unajua kuna watu wanahesabu. Kwa hiyo mtu aliyejifungia mwaka mzima haogopi tena lile tukio peke yake. Anaogopa swali: "Ulikuwa wapi siku zote?" Anaweza kuwa amefika mahali pa kutamani kutoka, akaishia getini kwa sababu ya swali hilo. Tunaliuliza kwa nia njema, wakati mwingine kwa utani, na linamrudisha ndani.

Bora kumsalimu kama mliyeonana jana. Kumpelekea mkungu wa ndizi ni vizuri, lakini kumwomba kitu ni vizuri zaidi: akuazime panga, akuangalizie ndama hadi jioni. Anayepewa tu hujiona mgonjwa. Anayeombwa hujiona jirani. Ukiwepo msiba, si lazima aanze na siku ya maziko penye umati na vilio. Anaweza kuja siku moja kabla, kumenya ndizi na watu wawili anaowajua, akae karibu na njia ya kutokea, aondoke anapotaka bila mtu kumuuliza mbona mapema.

Na asilazimishwe kusimulia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, linaelekeza kusikiliza anayetaka kusema na kutomshinikiza asiyetaka. Wapo wanaoamini kwamba akiyatoa yote mbele ya kikundi cha maombi atapona. Kwa baadhi ya watu huko ni kufungua kidonda.

Hii haina maana kwamba kusema hakusaidii. Hapa hapa Moshi, watafiti waliwafundisha watu wasio wataalamu wa afya ya akili namna ya kuwashauri watoto waliofiwa na wazazi, kwa vikao 12 vya kikundi, walezi nao wakishirikishwa. Mtoto alikizungumzia kifo taratibu, kwa hatua, na mtu aliyefundishwa. Baadaye utafiti mkubwa wa watoto 640 wa Tanzania na Kenya, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma za kawaida. Kwa hiyo tofauti iko kwenye nani anasikiliza, na nani anapanga mwendo.

Kwa msaada wa kitabibu, pa kuanzia ni zahanati au Hospitali ya Kilema, na rufaa huweza kufika Mawenzi au KCMC. Mtu akianza kusema haoni haja ya kuishi, apelekwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Vinginevyo mwendo ni wa polepole, na huwa unarudi nyuma. Atakuja siku ya kusafisha mfereji, achimbe nusu saa, kisha aweke jembe begani aondoke bila kuaga. Wiki inayofuata hatatokea. Mwachieni sehemu yake ya mfereji.