Kijana anayekwenda chuo asiagwe tu, akabidhiwe

KILA msimu wa kufunguliwa vyuo unapokaribia, stendi za Kigoma, Kasulu na Kibondo hupata abiria wa aina yake. Ni kijana, wa kiume au wa kike, mwenye begi moja, bahasha ya kaki yenye vyeti, na Biblia ambayo kurasa zake za mwanzo zimejaa majina ya wanakwaya wenzake. Anakwenda Bujumbura, Gitega au Ngozi kuanza chuo. Kwa wazazi wake, mtoto anarudi nyumbani. Kwa yeye mwenyewe ni kinyume chake: anaondoka nyumbani, maana nyumbani anakokujua ni huko huko anakokuacha.

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu mnamfahamu. Wengine mliwahi kuwa yeye. Wengine mmekaa naye kiti kimoja kutoka Manyovu hadi Mugina, mkamsikia akiuliza kwa Kiswahili safi kama Bujumbura bado ni mbali. Mimi nilisoma ukimbizini Tanzania tangu darasa la kwanza, na tangu nirejee nafundisha sekondari kusini mwa Burundi. Nimewapokea vijana wengi wa namna hii, na ninachokiona kila mwaka ni hiki: tunajua sana kuwaaga, lakini hatujui kuwakabidhi.

Kuaga tunakuweza. Jumapili ya mwisho kijana anaitwa mbele, wazee wanamwekea mikono, kwaya inaimba, akina mama wanalia. Kisha yanafuata maonyo: asinywe pombe, asikimbilie wasichana, asisahau maombi. Maonyo hayo ni ya kweli. Lakini katika ibada nzima hakuna anayemwambia atalala kwa nani usiku wa kwanza, wala nani atakagua vyeti vyake kabla ofisi haijamrudisha.

Ndugu zangu wafanyabiashara, hakuna hata mmoja wenu anayepakia magunia ya mchele Kigoma akasema, "Bwana atayapokea Bujumbura." Mnaandika jina la mpokeaji na namba yake ya simu. Mnahesabu magunia mbele ya dereva. Mzigo ukifika mnapigiwa, usipofika mnauliza. Mchele unapewa heshima hiyo, mtoto wa kanisa anapewa wimbo.

Vizazi vitatu, safari moja

Safari hii haikuanza jana. Wazazi wetu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, ambayo leo yako mkoani Katavi. Walipewa ardhi wakalima, wakajenga shule na makanisa. Watoto waliozaliwa huko walisoma mtaala wa Tanzania: Kiswahili shule ya msingi, Kiingereza sekondari. Kifaransa tulikisikia kwa wazee tu.

Kizazi cha pili ni cha waliokimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 21, 1993. Hao walikulia katika kambi kama Mtabila, Kanembwa na Lukole. Kizazi cha tatu ni cha mwaka 2015, kilichokulia Nduta, Mtendeli na Nyarugusu. Mtoto aliyevushwa mpaka mwaka huo akiwa na miaka 8 sasa ni mtu mzima. Katika kambi hizo ulifundishwa mtaala wa Burundi, kwa hiyo kijana wa Nduta anaweza kuwa na Kifaransa kwenye daftari, lakini mzaha, ugomvi na sala ya haraka vinamtoka kwa Kiswahili au Kirundi.

Njia zao pia hazifanani. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa watu wapatao 162,000 wa makazi ya 1972. Mtoto wa familia hiyo anaweza kusoma Dar es Salaam au Dodoma na kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Aliye mkimbizi anaweza kushindania ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992, lakini nafasi ni chache kuliko waombaji. Wapo pia ambao wazazi walirejea, wao wakabaki kwa bibi wamalize shule, kisha wakaja Burundi kwa ajili ya chuo. Kundi hili la mwisho ndilo linaloteseka kimyakimya, kwa sababu kila mtu anadhani linakuja kwao.

Jina, cheti na lugha

Chukua jambo dogo kama jina. Katika shule za Tanzania mtoto huandikwa kwa jina lake, la baba na la babu. Burundi kila mtoto ana jina lake la Kirundi, ambalo si lazima lifanane na la baba yake wala la ndugu zake, pamoja na jina la ubatizo. Tena jina la ubatizo lenyewe hubadilika njiani: Yohana wa Ulyankulu anakuwa Jean akifika Bujumbura. Matokeo yake ni mtu mmoja mwenye karatasi mbili zinazosema watu wawili.

Namfahamu msichana aliyemaliza Kidato cha Sita Tanzania mwaka 2014 kwa alama nzuri. Alipofika huku kuanza chuo, cheti kilisema jina moja na kitambulisho kingine. Ofisi moja ilimrudisha mara tatu, na kila mara aliambiwa alete karatasi nyingine. Aliuza simu yake apate nauli. Kilichomwokoa ni mama mmoja mfanyabiashara wa mawese wa Rumonge, aliyekuwa akisali kanisa moja na bibi yake huko Ulyankulu. Mama huyo alivuka mpaka kwa shughuli zake, akarudi na barua ya mchungaji iliyotaja majina yote mawili, tarehe ya ubatizo na majina ya wazazi, ikiwa na mhuri wa kanisa. Barua hiyo haikuwa hati ya serikali, lakini iliwapa maofisa pa kuanzia. Leo msichana huyo ni muuguzi.

Baada ya jina kuna cheti chenyewe. Kwa mfumo tuliouzoea wa Tanzania, ambao sasa unabadilishwa, shule ya msingi ilikuwa miaka 7 na sekondari 4, jumla 11, kisha 2 ya Kidato cha Tano na Sita. Burundi, tangu mageuzi yaliyoanza mwaka 2013, elimu ya msingi ni miaka 9 na inayofuata ni 3, jumla 12. Kwa hiyo wa Kidato cha Nne, hata akiwa na daraja la kwanza, hesabu inaonyesha amepungukiwa mwaka mmoja. Ni vema kijana ajue hilo akiwa bado Kigoma kuliko kulijulia dirishani Bujumbura. Cheti cha nje kinahitaji kutambuliwa kuwa sawa na cha ndani, na ombi hilo lipelekwe mapema, nakala zikiwa zimethibitishwa, huku vyeti halisi vikibaki mikononi mwa mwenyewe.

Tatu ni lugha. Aliyesoma kwa Kiingereza akiingia darasa la Kifaransa anakuwa bubu kwa muda. Namfahamu kijana aliyekuwa akihubiri mbele ya watu mia tano makazini, lakini chuoni miezi sita hakunyosha mkono. Baadhi ya vyuo vinapunguza mzigo huo. Chuo Kikuu cha Hope Africa, cha Kanisa la Methodisti Huru, kilianzia Nairobi mwaka 2000 kabla ya kuhamia Bujumbura, na kinatumia Kiingereza na Kifaransa. Chuo hicho chenyewe, ukipenda, ni mrejeaji.

Wapo wanaoogopa kwamba lugha na elimu ya mjini vitamla kijana imani. Wamsome tena Danieli. Yeye na wenzake watatu walichukuliwa wakiwa vijana, wakawekwa miaka 3 kufundishwa lugha na elimu ya Wakaldayo. Walikataa chakula cha mfalme, lakini hawakukataa darasa. Na tusisahau kwamba walikuwa wanne.

Kanisa la kambini na la mjini

Kwa mtoto wa kambini kanisa halikuwa mahali pa Jumapili peke yake. Lilikuwa shule ya muziki, baraza la usuluhishi, na mahali pa kupata habari za msiba na za kurejea. Waliokulia makazini wanakumbuka jinsi kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu ilivyosikika kwenye kanda mbali kabisa na makazi yenyewe. Mtoto wa mkimbizi asiye na kitambulisho cha nchi yoyote alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna askari aliyemwomba karatasi yake: sauti ya tatu katika kwaya.

Akifika mjini anakuta kanisa kubwa lenye vipaza sauti, ibada ya Kifaransa asubuhi na ya Kirundi baadaye. Hakuna anayemjua. Akisema Kiswahili chake kilichonyooka, wengine wanamuuliza kama ni Mwislamu, maana Bujumbura Kiswahili kwa miaka mingi kimehesabiwa kuwa lugha ya Waislamu, hasa wa Buyenzi. Asikasirike. Huenda salamu yake ya kwanza ya Kiswahili na sahani yake ya kwanza ya bei nafuu akazipata huko huko Buyenzi, kwa jirani Mwislamu. Ajue kushukuru.

Jumapili tatu zikipita hakuna aliyemuuliza jina, ya nne anafua nguo. Hajaasi wala hajaacha kuamini, ila hakuna aliyegundua kwamba hayupo. Ndiyo maana vikundi vya wanafunzi vina kazi kubwa. Tanzania kuna UKWATA na CASFETA. Burundi kuna Umoja wa Vikundi vya Biblia, unaojulikana kwa kifupi UGBB. Namba ya simu ya kiongozi wa kikundi, ikiandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ile Biblia, ina faida kuliko maonyo kumi.

Kitanda cha jirani

Kuna jambo moja zito ambalo maombi ya kuaga hayaligusi. Ukimbizini tulilelewa na hadithi za wazee wetu, nyingi za kweli na za kuumiza, zikisema sisi ni nani na wale ni nani. Kijana anaondoka na hadithi hizo, kisha bweni linampangia kitanda karibu na mtoto wa "wale", ambaye naye amekuja na hadithi za kwao.

Hapa kusini tuna mfano ambao kila mzazi angemsimulia mtoto kabla hajapanda basi. Alfajiri ya Aprili 30, 1997, watu wenye silaha waliivamia Seminari Ndogo ya Buta, Bururi, wakaingia bwenini na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande wao na Watutsi upande wao. Vijana hao walikataa kutengana. Waliuawa 40, na wamezikwa hapo hapo Buta. Walikuwa wanafunzi, wana umri wa hawa tunaowapakia mabasini. Hakuna aliyewaambia usiku ule waanze kupendana. Walikuwa wamezoeshwa kula, kusoma na kusali pamoja siku za kawaida, na siku mbaya ilipofika iliwakuta tayari ni ndugu.

Namwomba Mungu mtihani ule usirudi. Lakini bweni lipo, na kijana wetu atalala humo. Tukimpeleka na Biblia mkononi na chuki ya urithi moyoni, tumempakia mizigo miwili isiyokaa gari moja.

Kukabidhi ni nini

Kukabidhi hakuhitaji fedha za wafadhili. Mchungaji, padri au katekista wa huko aandike barua yenye majina yote ya kijana, ya shule na ya nyumbani, tarehe ya ubatizo na majina ya wazazi. Barua ielekezwe kwa mtu mwenye jina, si kwa "yeyote anayehusika". Makanisa mengi yana ndugu zao wa dhehebu moja ng'ambo ya mpaka, na simu moja inatosha kumpata. Apatikane mwenyeji wa wiki mbili za kwanza, kwa makubaliano ya wazi ya chakula na kazi za nyumbani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kijana wa kambini jembe halimshindi.

Sisi tuliorejea zamani tukubali kuwa wapokeaji. Tunajua dirisha lipi linataka nakala ngapi, na tunajua aibu ya kukosea Kifaransa mbele ya darasa. Mwalimu mrejeaji akimpa kijana saa moja ya Kifaransa kila Jumamosi kwa miezi mitatu, atakuwa amemfanyia zaidi ya mahubiri.

Nanyi wafanyabiashara mnaovuka Mugina na Kobero kila wiki, nyinyi ndio posta yetu. Mnabeba mchele, vitenge na mawese. Bebeni na barua. Ulizeni kama yule wa Nduta amefika, kama amepata chumba, kama bado anaimba. Bibi aliyebaki ng'ambo hana namna nyingine ya kujua, na kijana akisikia kwamba ameulizwa, Jumapili hiyo atatoka kwenda kusali.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari aliyesoma ukimbizini Tanzania na kurejea Burundi.