Jeni Inayolinda Jicho la Mtoto Tangu Tumboni

Kila mtoto huanza akiwa seli moja tu tumboni mwa mama. Seli hiyo hugawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, hadi mwili mzima uumbike. Kazi hii huongozwa na jeni, yaani maagizo ambayo mtoto hurithi kutoka kwa baba na mama. Kuna jeni zinazoamuru seli zigawanyike na nyingine zinazoziamuru zisimame, kama gari lilivyo na mafuta na breki. Breki zikikatika, seli huongezeka ovyo na saratani inaweza kutokea.

Mfano mmoja ni jeni iitwayo RB1. Macho huanza kuumbika takriban wiki nne baada ya mimba kutungwa. Seli za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huongezeka kwa kasi. Kisha RB1 husaidia kuzisimamisha ili zikomae na kuanza kazi ya kuona.

Kila seli ina nakala mbili za RB1, moja ya baba na moja ya mama. Moja ikiharibika, ya pili hutosha kuwa breki. Zote mbili zikiharibika katika seli moja ya retina, saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma inaweza kuanza. Daktari Mmarekani Alfred Knudson alieleza jambo hili mwaka 1971, na jeni yenyewe ikatambuliwa mwaka 1986.

Takriban watoto 4 kati ya 10 wanaougua wana hitilafu ya RB1 mwili mzima, hata pale ambapo hakuna mwingine katika familia aliyewahi kuugua. Huku si kurogwa wala si laana, na mama hana lawama.

Ugonjwa huu huwapata hasa watoto wa chini ya miaka 5. Dalili zake ni:

- mboni inayong'aa nyeupe, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa flashi;
- makengeza;
- jicho jekundu au lililovimba.

Mzazi anayeona dalili hizi anahimizwa kumpeleka mtoto katika kituo cha afya kilicho karibu mara moja, hata kama mtoto hana maumivu. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, maisha ya mtoto huokolewa, na mara nyingi jicho pia. Ukicheleweshwa, unaweza kusambaa hadi kwenye ubongo. Ndugu zake wadogo nao wapimwe macho.