Ligi ndogo za besiboli: Msimu mrefu, nafasi finyu

Upepo wa kusi unapoanza kuvuma Kiwayu mwezi wa Aprili, bahari kuu huchafuka na wavuvi wa kisiwa hicho cha Lamu hupunguza safari za mbali hadi maleleji yaingie. Kipindi hicho hicho, Aprili hadi Septemba, ndicho msimu wa ligi ndogo za besiboli nchini Marekani, ambako sasa vijana wa Afrika Mashariki nao wanatafuta riziki.

Ligi hizo si sawa na madaraja ya chini ya kandanda. Timu ya kandanda ikishinda ligi yake hupandishwa daraja. Katika besiboli timu haipandi. Anayepanda ni mchezaji. Kila moja ya klabu 30 za ligi kuu ina timu nne za kulea vipaji, yaani timu 120 kwa jumla, zilizopangwa katika madaraja manne kuanzia A moja hadi A tatu. Chini ya hizo kuna ligi za wanagenzi huko Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika.

Ratiba ni nzito. Timu hucheza mechi kati ya 130 na 150 kwa msimu, aghalabu siku sita mfululizo dhidi ya mpinzani mmoja, na Jumatatu ikawa ya mapumziko.

Kwa miaka mingi ujira ulikuwa duni. Wachezaji walijiunga na chama cha wafanyakazi mwaka 2022, na mkataba wa 2023 ukapandisha mshahara wa chini wa daraja la A moja kutoka dola 11,000 hadi 26,200 kwa mwaka. Mwaka huo huo, kima cha chini katika ligi kuu kilikuwa dola 720,000. Hata hivyo, mkataba huo uliruhusu klabu kupunguza wachezaji wa ligi ndogo nchini Marekani kutoka 180 hadi 165 kuanzia 2024. Walionufaika ni waliobaki.

Uganda ndiyo iliyotangulia katika ukanda huu. Mwaka 2012, watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto mjini Williamsport. Miaka kumi baadaye, Umar Male na Ben Serunkuma walisajiliwa na Los Angeles Dodgers. Mwenzao David Matoma, mrushaji wa mipira ya kasi, alijiunga na Pittsburgh Pirates, na mwaka 2024 akafika Bradenton, timu yao ya daraja la A moja.

Safari iliyosalia inapimwa kwa mfano wa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisajiliwa na Pirates mwaka 2008, akahangaika katika ligi ndogo hadi Aprili 26, 2017, alipokuwa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu. Aliupiga vyema mpira katika zamu yake ya kwanza. Lakini baada ya 2018 hakurudi tena katika ligi hiyo.

Mvuvi wa Kiwayu anajua kwamba kusi itakwisha na kaskazi itarejea. Mchezaji wa ligi ndogo hana hakika hiyo: Septemba ikiisha, huenda akapandishwa, akabakishwa, au akaachwa.