Fremu Tupu Yabebwa Katika Maandamano

Mtu wa Kanja, huko Embu, aonapo Wakatoliki wakipita barabarani na matawi mikononi, hashangai. Lakini katika Polandi, chini ya serikali ya Kikomunisti, maandamano ya namna hiyo yalihitaji ruhusa. Tangu mwaka 1957 nakala ya picha ya Bikira Maria wa Częstochowa ilipelekwa toka parokia hata parokia. Mwaka 1966 polisi waliikamata (ajabu, kukamata picha!) wakairudisha katika monasteri ya Jasna Góra, isitoke tena. Watu hawakuacha. Walibeba fremu tupu, pamoja na mshumaa na kitabu cha Injili, na wenyeji wa miji midogo wakapiga magoti mbele yake. Mwaka 1972 padre mmoja aliitorosha picha ile hata Radom, na safari yake ikaendelea.