Kumi la mwisho la Ramadhani

Kumi la mwisho la Ramadhani ni kipindi cha siku 9 au 10 zinazomalizia mwezi wa Ramadhani, ambao ni mwezi wa 9 katika kalenda ya Kiislamu. Huanza jua linapozama siku ya 20 ya mfungo na huisha jua linapozama siku ya mwisho ya mwezi. Waislamu hulihesabu kuwa sehemu bora ya mwezi huo, hasa kwa sababu ndani yake hutafutwa usiku wa Lailatul Qadri.

Katika jiji la Dar es Salaam, nchini Tanzania, siku hizo ndizo pia siku za pilikapilika kubwa za kujiandaa kwa sikukuu ya Idi, hasa katika eneo la soko la Kariakoo na kata ya Mchikichini iliyo karibu nalo. Kwa mfanyabiashara, fundi, mpagazi au mama wa nyumbani wa huko, swali la kila mwaka ni namna ya kupata riziki ya sikukuu bila kupoteza siku zilizo bora.

Jina na hesabu

Ramadhani hugawanywa na watu wengi katika makumi matatu: kumi la rehema, kumi la msamaha na kumi la kuachwa huru na Moto. Mgawanyo huo unatokana na hadithi ambayo wataalamu wengi wa hadithi wanaiona kuwa dhaifu, lakini umeenea sana katika mawaidha ya misikitini.

Katika kalenda ya Kiislamu usiku hutangulia mchana wake. Kwa hiyo usiku wa 21 ni ule unaoanza baada ya kufuturu mfungo wa 20, na usiku wa 27 ni ule unaofuata futari ya mfungo wa 26. Anayehesabu kwa kufuata mchana huchelewa kwa usiku mmoja, na hivyo hukosa mwanzo wa kumi lenyewe.

Asili

Hadithi zilizopokewa kutoka kwa Bi Aisha, mke wa Mtume Muhammad, zinaeleza kwamba kumi la mwisho lilipoingia Mtume alizidisha ibada, alikesha usiku na kuwaamsha watu wa nyumbani kwake. Zinaeleza pia kwamba alikuwa akikaa itikafu siku hizo kila mwaka. Katika Ramadhani yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 632 alikaa itikafu siku 20.

Lailatul Qadri

Lailatul Qadri, unaoitwa pia usiku wa cheo, ndio usiku ambao Waislamu wanaamini Kurani ilianza kuteremshwa. Sura ya 97 ya Kurani, yenye aya 5, inautaja kuwa bora kuliko miezi 1,000, ambayo ni sawa na miaka 83 na miezi 4.

Tarehe yake haikutajwa wazi. Hadithi zinaelekeza utafutwe katika siku za witiri za kumi la mwisho, yaani usiku wa 21, 23, 25, 27 na 29. Usiku wa 27 ndio maarufu zaidi, na katika misikiti mingi ndipo watu hujaa kuliko usiku mwingine. Hata hivyo, Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake yanafuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, alielekea zaidi usiku wa 21 au 23. Waislamu wa Shia, ambao wana jumuia zao Dar es Salaam, huupa uzito usiku wa 19, 21 na 23. Usiku wa 21 huwa pia kumbukumbu ya kifo cha Ali ibn Abi Talib, aliyefariki mwaka 661.

Wanazuoni wengi wanaeleza kwamba tarehe ilifichwa ili watu wajitahidi katika siku zote. Kuna sababu nyingine ya hesabu: Waislamu wa Tanzania hawaanzi kufunga kwa pamoja kila mwaka. Wengine hufuata mwezi ulioonekana nchini au nchi jirani na kutangazwa na Mufti, wengine hufuata habari za mwezi kutoka nchi yoyote. Hivyo usiku ambao kwa jirani ni wa 27 unaweza kuwa wa 26 kwa mwenzake. Anayengoja usiku mmoja tu anaweza kuukosa. Anayefanya kidogo kila usiku hawezi kuukosa.

Itikafu

Itikafu ni kukaa msikitini kwa nia ya ibada. Anayetaka kulikaa kumi lote huingia msikitini kabla ya jua kuzama siku ya 20 na hatoki ila kwa haja ya lazima. Muda huo hutumika kwa sala, kusoma Kurani, dhikiri na dua.

Madhehebu yanatofautiana kuhusu muda mdogo kabisa wa itikafu. Kwa Wamaliki haipungui siku moja, tena pamoja na saumu. Kwa Washafii hakuna kiwango cha siku: kukaa kidogo msikitini, zaidi ya utulivu wa rukuu moja, kunatosha ikiwa mtu amenuia, na saumu si sharti. Jambo hili lina faida kwa mtu wa sokoni. Asiyeweza kufunga duka siku 10 anaweza kunuia itikafu kila anapoingia msikitini kwa sala ya Adhuhuri, Alasiri au Isha, na muda wote anaokaa ukahesabiwa.

Kariakoo na Mchikichini

Jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichokuwa na kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jengo la soko kuu lilisanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Liliungua tarehe 10 Julai 2021. Mchikichini, jina lenye maana ya mahali penye mchikichi, linafahamika zaidi kwa soko la mitumba la Karume, ambalo nalo liliungua Januari 2022. Misikiti ya zamani ya Kariakoo, kama wa Mtoro na wa Manyema, iko katikati ya mitaa hiyo hiyo ya biashara.

Kumi la mwisho linapoingia, Mtaa wa Kongo na mitaa inayouzunguka hujaa wanunuzi wa kanzu, kofia, baibui, khanga, viatu na nguo za watoto. Wenye fremu huuza kwa jumla na rejareja, machinga hutandika bidhaa pembeni ya barabara, na wasukuma mikokoteni hupita kwa shida katikati ya umati. Wenye kipato kidogo huchambua mitumba Karume wakitafuta nguo ya mtoto ambayo bado inang'aa. Mafundi cherehani huacha kupokea kazi mpya mapema, maana zilizopo tayari zinawakesha. Kwa wauzaji wengi, mauzo ya siku hizo ndiyo yanayolipa kodi ya fremu na madeni ya mzigo.

Kufanya biashara mchana wa Ramadhani si kosa, na kutafuta riziki ya halali kunahesabiwa kuwa ibada. Kinachoonywa ni kupunja, kuapa uongo juu ya bidhaa na kuchelewesha ujira wa kibarua. Sura ya 83 ya Kurani inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Kwa mnunuzi, njia rahisi ni kununua nguo za sikukuu katika kumi la kwanza au la pili, kabla ya msongamano. Anayengoja hadi mfungo wa 27 hupata bidhaa zilizobaki, hupambana na vibaka, na hurudi nyumbani amechoka kiasi cha kushindwa kuamka usiku.

Kugawa usiku

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini kwa Ikweta, kwa hiyo urefu wa usiku haubadiliki sana mwaka mzima. Mkazi wa London anayefunga katikati ya mwaka hupata saa chache tu kati ya Magharibi na Alfajiri. Wa Kariakoo hupata kama saa 11 kila mwaka.

Theluthi ya mwisho ya usiku, inayopendekezwa zaidi kwa dua, hupatikana kwa hesabu. Kwa mfano, jua likizama saa 12:30 jioni na Alfajiri ikiingia saa 11:10, usiku una saa 10 na dakika 40. Theluthi ya mwisho huanza takriban saa 7:40 usiku. Mtu aliyefunga biashara, akasali Isha na tarawehe, anaweza kulala saa 4, akaamka saa 8 na kubaki na saa 3 kabla ya Alfajiri, daku likiwemo.

Asiyeweza hata hilo hajafungiwa mlango. Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim inasema kwamba anayesali Isha kwa jamaa ni kama aliyesimama nusu ya usiku, na akisali Alfajiri pia kwa jamaa ni kama aliyesimama usiku wote. Katika Muwatta ya Imamu Malik kuna kauli ya Said ibn al-Musayyib, mwanachuoni wa Madina, kwamba aliyehudhuria Isha ya usiku wa Qadri amepata fungu lake.

Wanawake na kazi za nyumbani

Mzigo wa futari, daku na maandalizi ya Idi huwaangukia zaidi wanawake. Mihogo ya nazi, kaimati, uji na sambusa huchukua alasiri nzima. Kupunguza aina za vyakula mezani na kugawana kazi na vijana wa nyumbani huwapa nao nafasi ya ibada, kama Mtume alivyowaamsha watu wake badala ya kukesha peke yake.

Mwanamke aliye katika hedhi hasali wala hafungi, lakini dhikiri, dua, sadaka na kusikiliza Kurani havimkatazwi. Bi Aisha mwenyewe alifundishwa dua fupi ya kuomba msamaha kwa ajili ya Lailatul Qadri, na dua hiyo huweza kusomwa hata jikoni.

Zaka

Zaka ya fitri humlazimu kila Muislamu mwenye chakula kinachozidi mahitaji ya usiku na mchana wa Idi, na mkuu wa nyumba huwatolea walio chini yake. Kiasi chake ni pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu; kwa mchele hukadiriwa kilo 2.5 hadi 3. Familia ya watu 6 itatoa kuanzia kilo 15. Washafii hutoa chakula kinacholiwa zaidi mahali husika. Wahanafi huruhusu thamani yake kwa fedha.

Zaka hiyo inapaswa kuwafikia maskini kabla ya sala ya Idi. Ikitolewa siku mbili tatu kabla, mwenye shida hupata nafasi ya kupika sikukuu kama wengine. Wafanyabiashara wengi huitumia Ramadhani pia kuhesabu zaka ya mali, ambayo ni asilimia 2.5 ya mtaji uliofikia thamani ya takriban gramu 85 za dhahabu na kutimiza mwaka.

Mwisho wa kumi

Mfungo wa 29 ukiisha, watu hutazama mwezi na kungoja tangazo. Ukiandama, takbiri huanza usiku huo. Usipoandama, mfungo hukamilishwa siku 30 na waliokuwa wakikesha hupata usiku mmoja zaidi. Tanzania Bara Idi ul-Fitri ni mapumziko ya siku 2, na viwanja vya Mnazi Mmoja, kati ya Kariakoo na katikati ya jiji, ni miongoni mwa mahali panaposaliwa sala ya Idi.