MZEE ACHAGUE SKII GANI?

Najua wengine wenu mkiona kichwa hiki mtacheka na kuuliza, "Sisi na theluji, wapi na wapi?" Hebu ngojeni kidogo. Mwaka wa 1998 Mkenya mwenzetu, Philip Boit, alishiriki katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni akamkumbatia. Mwaka wa 2018 naye Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya akalelewa Austria, alituwakilisha kule Pyeongchang katika mashindano ya kuteremka mlimani. Kwa hivyo skii si jambo la kigeni kabisa kwetu.

Leo lakini sitaki kuwazungumzia mabingwa. Nataka kuwaeleza habari za mtu wa kawaida: mzee wa miaka 60 hivi, kule Austria, Uswisi au Ufaransa, ambaye amekuwa akiteleza kwa miaka mingi bila kuwa hodari sana. Mzee huyu anataka kununua skii mpya. Achague zipi? Akikosea, si pesa tu zitakazopotea. Goti lake pia limo hatarini, na goti la mzee likiumia halipoi upesi kama letu sisi vijana.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali anapoteleza. Katika milima ya Alps kuna njia zinazoitwa pisti. Usiku mashine kubwa hupita zikishindilia theluji mpaka inakuwa sawasawa kama barabara ya lami. Pisti huwekwa alama za rangi: buluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani na nyeusi ni ya wenye ujuzi. Mzee wetu huteremka ya buluu bila wasiwasi, na ya nyekundu kwa uangalifu.

Jambo la kwanza ni urefu. Skii za zamani zilikuwa zimenyooka karibu kama rula. Mtu aliinua mkono juu, na skii ilitakiwa ifike kwenye kiganja. Basi mtu mzima alibeba skii za sentimita 200 au hata zaidi! Mwaka wa 1993 kampuni ya Elan ya Slovenia ilitoa skii zilizoitwa SCX, zenye ncha pana, kiuno chembamba na mkia mpana. Skii kama hiyo ukiilaza ubavu, ukingo wake wa chuma huchora sehemu ya duara kwenye theluji, nayo inakata kona yenyewe. Makampuni mengine yakafuata. Tangu hapo haikuwa lazima tena skii iwe ndefu. Siku hizi skii ya pisti hufika kati ya kidevu na paji la uso. Mzee wa kimo cha sentimita 175 anaweza kuchukua ya sentimita 160 hadi 168. Taabu ni kwamba aliyejifunza mwaka wa 1980 bado ana kipimo cha zamani kichwani. Akipewa skii fupi anaona ati anapewa za mtoto.

Jambo la pili ni upana wa kiuno, yaani pale chini ya buti. Kwa pisti, milimita 65 hadi 80 zinatosha. Skii pana sana, kama za milimita 95, zimeundwa kwa theluji laini na nyingi, ili mtu asizame. Kwenye theluji ngumu, ukingo wa skii pana uko mbali na katikati ya mguu. Kuilaza ubavu kunahitaji nguvu zaidi, na mzigo huo huenda kwa goti.

Hapa pia hesabu za darasani zinatufaa. Kila skii huandikwa nusu kipenyo cha duara inayochora. Kwa mtelezaji wa wastani, mita 13 hadi 16 ni nzuri, kwa sababu anaweza kukata kona bila kwenda mbio. Skii za mashindano ya slalomu kubwa hufika mita 30. Ukiwa nazo, mpaka uwe na kasi ya ajabu ndipo zikutii.

Jambo la tatu ni ugumu. Ndani ya skii kuna mbao, na katika nyingine huongezwa mabati ya aluminiamu ngumu. Mabati huifanya skii itulie kwa kasi, lakini pia huifanya iwe nzito na isipindike kwa urahisi. Kijana mwenye mapaja ya nguvu ataipinda. Mzee ataipinda asubuhi, ikifika saa tisa alasiri miguu imechoka na skii ndiyo inayomwendesha yeye. Heri achague isiyo ngumu sana, yenye ncha iliyoinuka kidogo, kwani huanza kona upesi. Lakini isiwe laini kama ndizi mbivu, maana kwenye barafu itatetemeka.

Jambo la nne, na kwangu mimi ndilo kubwa, ni vishikizo vinavyoshika buti. Vina springi. Mtu akianguka, vinatakiwa vifunguke na kuuachilia mguu. Fundi huvipima kwa kutumia jedwali: uzito, kimo, urefu wa soli ya buti, umri, na namna mtu anavyoteleza. Akishafika miaka 50, kipimo hushushwa daraja moja. Sasa fikiria mzee anayeona haya, akasema yeye ni hodari na huenda kasi. Fundi atakaza springi, na siku ya kuanguka mguu hautaachiliwa. Ni kweli vishikizo haviwezi kuzuia kila ajali ya goti, lakini kumdanganya fundi ni kujidanganya mwenyewe.

Mwisho, mzee asinunue kabla ya kujaribu. Maduka mengi ya huko hukodisha skii. Akodishe aina mbili au tatu, azijaribu kwa pisti moja, asubuhi na pia jioni akiwa amechoka. Na asisahau buti, kwani buti likilegea hata skii bora haitamsikia.

Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Walisema pia kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mzee atakayekubali skii fupi na nyepesi, na kutaja umri wake bila haya, ana nafasi nzuri ya kurudi mlimani mwaka ujao akiwa na magoti yake mawili mazima. Kwa hayo machache, naweka kalamu yangu chini.