TAIRI LA AKIBA: LINAFANANA NA GARI LENU?

Je, kikundi chenu kina pikapu? Kama mnayo, nenda leo ukatazame tairi la akiba, lile tunaloita spea. Usitazame kama lipo tu. Tazama kama linaweza kuvaa gari lenu.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2016 nilipanda pikapu ya wakulima, aina ya Land Cruiser. Nyuma tulikuwa na magunia ya mahindi. Mbele alikaa mama mjamzito ambaye uchungu umeshamwanza, tunamwahisha hospitali. Usiku ule tukapata pancha porini. Dereva hakuwa na wasiwasi, maana spea ilikuwa mpya kabisa, haijawahi kugusa barabara. Akapiga jeki, akatoa tairi bovu, akaleta lile jipya. Halikuingia. Gari lilikuwa na bolti tano, na rimu ya spea ilikuwa na matundu sita! Tukakaa pale mpaka lilipopita lori, likamchukua mama. Alijifungua salama alfajiri, huko huko hospitali. Sisi tulilala na magunia yetu.

Basi kosa lilikuwa wapi? Aliyenunua alikwenda mjini akaomba "rimu ya Land Cruiser pikapu, inchi 16". Akapewa hiyo hiyo. Lakini pikapu za Land Cruiser za zamani, zile za 75, zina bolti sita. Zilizokuja badala yake mwaka 1999, yaani za 79, zina bolti tano. Jina ni moja, tairi huwa ni lile lile la 7.50R16, na ukiziona kwa mbali ni ndugu. Matundu ndiyo hayapatani.

ANZA NA RIMU

Rimu ni kile chuma kinachovikwa tairi. Wengine huita ringi. Hesabu matundu ya nati kwanza. Kisha pima nafasi yake. Kwa rimu ya matundu sita, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolikabili. Katika Land Cruiser za 75 na Hilux nyingi utapata milimita 139.7, yaani sentimita 14 kasoro kidogo. Rimu ya matundu matano haina matundu yanayokabiliana, kwa hiyo kuipima ni kazi kidogo. Za 79 ni milimita 150, lakini hiyo hupimwa kwa duara linalopita katikati ya matundu yote.

Matundu yakilingana, bado usishangilie. Lile tundu kubwa la katikati lazima lipite kwenye habu, na kina cha rimu kisifanye tairi lisugue springi au vyuma vya breki. Muuzaji atakwambia, "Inaingia tu, mzee." Usibishane naye. Nenda na gari lenyewe, vaa rimu mbele, zungusha kwa mkono. Halafu vaa nyuma, zungusha tena. Breki za mbele na za nyuma mara nyingi si za namna moja, na rimu inayokubali nyuma inaweza kukataa mbele.

Na nati je? Gari lenye rimu za aloi mara nyingi hutumia nati tofauti na zile za rimu ya chuma. Kama spea yenu ni ya chuma na nyingine ni za aloi, muulize fundi kama nati ni zile zile. Zikiwa tofauti, ziweke kwenye mfuko, ufungwe pamoja na jeki.

SOMA UBAVU WA TAIRI

Sasa kazi ya kusoma. Tairi limeandikwa ubavuni, na mwenye kujua kusoma hadanganywi kirahisi. Tuchukue tairi la Hilux lililoandikwa 265/65R17. Namba 265 ni upana wake kwa milimita. Namba 65 ina maana kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani kama sentimita 17.2. Namba 17 ni rimu ya inchi 17, ambayo ni sentimita 43.2. Jumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini: tairi lote lina kimo cha sentimita 77.6.

Sasa mwenzako anakuletea 225/70R17. Rimu ni inchi 17 vile vile, linaingia bila taabu. Lakini ukipiga hesabu utapata sentimita 74.7. Utasema, tofauti ya sentimita tatu ni kitu gani? Haya, katika kilometa moja tairi kubwa linazunguka mara 410. Dogo linazunguka mara 426. Ukiliweka dogo upande mmoja wa ekseli, difu inalazimika kufanya kazi safari nzima, hata barabara ikiwa imenyooka. Na ukitia gia ya kuvuta magurudumu yote manne kwenye barabara ngumu, ya mbele na ya nyuma yanashindana. Vyuma vya ndani vinakazana mpaka kimoja kikubali kuvunjika. Difu moja ni ghali kuliko matairi kadhaa.

Kama dharura imekulazimisha kutumia tairi lisilolingana, nenda polepole, usitie gia ya magurudumu manne barabarani, na ulitoe mara ufikapo kwa fundi.

Baada ya ukubwa, kuna namba nyingine na herufi, kwa mfano 112S. Hiyo 112 ni uzito ambao tairi linaweza kubeba: kilo 1,120. Ukiona 121 ni kilo 1,450. Ukiona 91 ni kilo 615 tu, hilo ni la gari dogo. Tuseme mmepakia mahindi na ekseli ya nyuma imebeba kilo 1,800. Kila tairi linapata 900. Lile la 615 litabeba kilo 285 zaidi ya uwezo wake, juani, kwenye mawe. Litapasuka.

Umri nao umeandikwa. Tafuta neno DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado limezeeka dukani. Ukiona nyufa ndogo ndogo ubavuni, liache hapo hapo.

RIMU ZENYE PETE

Pikapu nyingi za 79 zina tairi la tyubu na rimu yenye pete ya chuma. Hapo naomba tusifanye mzaha. Pete isipokaa sawasawa, upepo ukijaa huruka kwa nguvu ya kuua mtu. Toa upepo wote kabla ya kuifungua. Wakati wa kujaza, mpeni fundi mwenye kizimba cha chuma, na asisimame mtu mbele yake, wala watoto wasisogee kutazama.

Spea iliyoning'inia chini ya gari husahauliwa. Mnyororo wake hushika kutu, na siku ya shida haushuki. Ishusheni kila mwezi, mpime upepo. Jazeni kiasi kinachotakiwa kwa tairi la nyuma gari likiwa na mzigo, kama kitabu cha gari kinavyosema. Upepo ukizidi porini utaupunguza kwa kidole. Ukipungua, utauongeza na nini kama hamna pampu?

Mkishaibadilisha, kazeni nati kwa kuruka, si kwa kufuatana. Baada ya kwenda kama kilometa 50, simameni mkaze tena. Dereva wetu wa mwaka ule sasa hubeba pia kipande cha ubao cha kuwekea jeki kwenye mchanga. Rimu ya matundu sita bado iko ghalani kwao, kuku wanatagia ndani yake.